Maelezo ya zana za wakala: yapime kwa kazi

Ndugu, umeuliza utajuaje kama nyaraka za zana zako (kazi za programu anazoweza kuziita) zinamtosha wakala wa akili mnemba, yaani programu ya AI inayofanya kazi kwa kutumia zana hizo, kabla hujaziweka hewani. Kuzisoma mwenyewe hakutoshi. Wewe unaujua mfumo, kwa hiyo pengo lolote unaliziba kichwani bila kujua.

Mpe wakala kazi halisi, asiwe na kingine ila maelezo hayo, kisha fungua logi, yaani kumbukumbu ya kila alichofanya. Angalia alichagua zana ipi na kila parameta (taarifa ambayo zana inahitaji kupewa) aliijaza nini. Tuseme zana ya kutafuta oda ina parameta iitwayo "tarehe", bila maelezo mengine. Wakala ataandika 03/04/2025, na mfumo usome Machi 4 wakati mteja alimaanisha Aprili 3. Hakuna hitilafu itakayotokea, jibu litakuja safi kabisa, na litakuwa la uongo. Kosa la namna hii ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Andika muundo wa tarehe na mfano mmoja palepale kwenye maelezo ya parameta.

Ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya nyaraka: "400" tupu (namba ya kusema ombi lina kosa) haimsaidii wakala, mwambie arekebishe nini. Kama una zana mbili zinazofanana, "tafuta_mteja" na "pata_mteja", eleza ipi itumike lini, au bora uziunganishe. Zana inayofuta data iseme hivyo waziwazi.

Usirefushe ovyo, maana maelezo yote hayo yanakula nafasi ya muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho wakala anaweza kukishika kwa wakati mmoja. Na ukibadilisha modeli ya akili mnemba inayomwendesha wakala, rudia majaribio yaleyale.