Barua kwa mwanangu aliyekamatwa Virginia

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo, baba yako kifua kimetulia tangu mvua zipungue. Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaurudia alfajiri kabla hajaamka. Umeniuliza jambo moja: je, umwambie baba yako kwamba polisi wa Virginia, huko Marekani, walikusimamisha ukiendesha gari kutoka harusini, kipimo cha pombe kikasoma 0.09, ukalala rumande mpaka mwenzako wa Arlington akaja kukuwekea dhamana?

Nitalifikia hilo la baba yako. Kwanza niambie kama siku ya mahakama utakwenda. Maana katika ujumbe wote ule, mahakama umeigusa mstari mmoja tu: kwamba kesi iko Fairfax, Virginia, na wewe unaishi jimbo la jirani, Maryland, kwa hiyo hakuna haraka. Maneno hayo yameninyima usingizi kuliko habari ya pombe. Na habari ya pombe tutaizungumza, usidhani nimeisahau.

Nimeshika majalada ya mahakama tangu hujazaliwa mpaka nilipostaafu. Ninachoamini umekisikia mezani tangu u mdogo: mahakama humsikiliza aliyefika. Nimeona watu wenye makosa mazito wakitoka na adhabu ya kubebeka kwa sababu walifika kila walipoitwa. Nimeona pia wenye makosa mepesi wakiozea mahabusu kwa sababu tarehe moja walibaki nyumbani.

Habari ya baba yako mdogo na Iringa unaijua, ila umeisikia kwa upande wa akina baba yako, ambako trafiki ndiye mbaya. Mimi nakupa upande wa babu yako mzaa mama.

Baba yako mdogo alisimamishwa pale Ipogolo na lori lililojaa, akielekea Tunduma, ananuka ulanzi. Akashtakiwa. Mahakama ikakubali kumpa dhamana, lakini ikataka mdhamini mkazi wa Iringa, na yeye mji ule hakuwa na mtu ila mkwe wa kaka yake, yaani baba yangu. Babu yako alishuka kutoka Kihesa akatia saini. Hakumuuliza amekunywa nini wala kwa nini. Akamlaza kwake, asubuhi akampa nauli.

Kesi ikaahirishwa, baba mdogo akarudi Muheza. Wazee wakakaa kikao. Mmoja akasema Iringa ni mbali, jalada litapotea, nani atatoka kule kumfuata dereva huku? Mimi nilikuwa napitisha chai. Nikasema, mdhamini wake ni baba yangu. Wakanijibu, shemeji, hayo tutayamaliza. Hawakuyamaliza.

Siku ikafika, jina likaitwa mlangoni, kimya. Babu yako akaitwa ajieleze. Akaomba muda, akapanda basi mpaka Muheza, na koti lake la ualimu, kumtafuta. Mkwe mzima, kwenda kwa wakwe kumsaka mshtakiwa! Wakamchinjia kuku. Wakamsifu. Na baba mdogo wakati huo yuko kwa shangazi yako amejifungia chumbani. Babu akarudi mikono mitupu, mahakama ikamwamuru alipe dhamana yote. Akauza mahindi na ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa. Hakuniambia. Niliambiwa na bibi yako, msimu ukiwa umeshapita. Na mimi kazini Tanga nilikuwa nikiandika amri za namna hiyo kwa mkono wangu, za wadhamini wa watu wengine.

Wakati mwingine najiambia, labda baba yako mdogo aliogopa kupoteza kazi, alikuwa na watoto wachanga. Kisha namkumbuka baba yangu na lile koti. Hapana. Alikamatwa baadaye palepale Ipogolo, akasimama kizimbani na kosa la kulewa na la kuruka dhamana, akaenda jela. Waliokuwa naye kwenye orodha ya siku ile ya kwanza walilipa faini wakarudi makwao.

Kwa hiyo usiniambie Fairfax iko ng'ambo ya mto Potomac. Picha za karatasi zako nimezisoma, kisha nikakaa na binamu yako kwenye kompyuta tukasoma sheria za huko. Usipofika, hakimu atatoa hati ya kukamatwa, na kutofika kwenyewe Virginia ni kosa jingine, la daraja lilelile la hilo unaloshtakiwa. Na mwenzako wa Arlington atapoteza fedha yake. Huyo ndiye babu yako katika kesi hii. Mpigie umwambie utafika.

Umesema Virginia haiwezi kukunyang'anya leseni ya Maryland. Kweli. Lakini ukitiwa hatiani itakunyima haki ya kuendesha ndani ya Virginia kwa mwaka mzima, kisha itaiarifu Maryland. Majimbo mengi ya Marekani yana mkataba wa leseni za udereva ulioanza miaka ya 1960. Machache yako nje, kama Georgia, Michigan na Wisconsin, ila Virginia na Maryland yamo. Kwa mkataba huo, kosa la kulewa ulilotiwa hatiani ugenini linahesabiwa kama ulilitenda nyumbani, na sheria ya Maryland inaliwekea pointi 12, ambazo ndizo za kufutiwa leseni. Juu yake lipo daftari la nchi nzima la madereva wenye matatizo, ambalo kila jimbo hulitazama kabla ya kutoa leseni. Hata ukihamia Texas watakuona.

Wakili wa Silver Spring, hapo kwenu Maryland, anayesifiwa na rafiki zako, muulize swali moja: amesajiliwa kusimama mahakama za Virginia? Kama hajasajiliwa, mshukuru utafute mwingine, mtu anayewajua mahakimu na waendesha mashtaka wa Fairfax. Huna fedha, iambie mahakama mapema, maana kosa linaloweza kukupeleka jela linakupa haki ya kuomba wakili wa kuteuliwa. Wala usikubali kosa kwa sababu umechoka. Kosa la kwanza kwao linaweza kufika miezi 12 jela na faini ya dola 2,500, na faini haishuki chini ya 250. Kipimo chako hakikufika 0.15, ambapo hakimu hana hiari, lazima akufunge siku 5. Ukitiwa hatiani kuna mafunzo ya lazima kuhusu pombe, na ukitaka ruhusa ya kuendesha kwenda kazini utafungiwa kifaa cha kupulizia ndipo gari liwake.

Kuna jambo nimelipenda katika sheria yao, na ningetamani wenzangu wa ofisini walione. Ukishindwa katika mahakama hiyo ya kwanza, una siku 10 za kukata rufaa, na mahakama ya juu yake inaisikiliza kesi upya kabisa, mashahidi na vyote. Siku 10, mwanangu. Ziandike.

Kiwango chao cha pombe kwenye damu, ambacho dereva hapaswi kukifikia, ni 0.08. Rais Clinton alitia saini sheria mwaka 2000 ya kuyakata fedha za barabara majimbo yatakayokikataa, yote yakakikubali, na Utah imeshuka hata chini zaidi, 0.05. Wewe umekivuka kwa kidogo, na wakili mzuri ataanzia hapo: mashine ilikaguliwa lini, ulipimwa baada ya muda gani, askari alikuwa na sababu gani ya kukusimamisha. Sisemi ulikuwa umelewa. Sisemi hukuwa. Sikuwepo, na nimeona askari waongo na washtakiwa waongo kwa hesabu inayokaribiana. Ila harusini ulikunywa, umeandika mwenyewe, na funguo za gari zilikuwa mfukoni mwako. Basi, nanyamaza.

Jambo la mwisho la sheria, na kwangu ndilo kubwa. Una kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, bado hujawa raia. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa, na unapaswa kujibu kweli. Hukumu moja ya namna hii peke yake kwa kawaida haimfukuzishi mtu mwenye kadi, lakini kuanzia mwaka 2019 ukiwa nazo mbili katika miaka wanayoichunguza, wanaanza kwa kukuhesabu kuwa huna tabia njema, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo inakuwa yako. Kabla hujakubali kosa lolote, hata dogo watakalokupunguzia, mwone wakili wa uhamiaji. Wakili wa trafiki anatazama leseni. Wa uhamiaji anatazama kama utaweza kuja kutuzika na kurudi kwa watoto wako.

Sasa baba yako.

Katika habari ya Iringa kuna kipande ambacho ndugu zake hawakijui mpaka leo. Yeye ndiye aliyemrudishia babu yako fedha za dhamana. Kidogo kidogo, kila mwezi, bahasha kwa basi, kwa mshahara ule wa bandarini unaoukumbuka, mwaka ule tuliokula dagaa na wewe ukalia huna viatu vya shule. Hakumkaripia mdogo wake mbele ya watu, wala hakuniomba nimsamehe kwa niaba ya ukoo wao. Nilijua siku babu alipoandika barua ya kushukuru ikaniangukia mimi.

Kwa hiyo naogopa kumwona anasikia neno hilohilo, amelewa akiwa safarini, likimhusu mwanawe. Presha yake unaijua. Lakini pia najua kwamba katika nyumba ile ya Muheza, siku wazee waliposema jalada litapotea, ni yeye pekee aliyeinuka akatoka nje. Mtu kama huyo akiambiwa na mwanawe mwenyewe… Nilikuwa nimeandika jibu hapa, nimelikata. Wewe ni mtu mzima, una watoto, na yeye ni baba yako kabla ya kuwa mume wangu. Sitakuamulia. Ila asije akasikia kwa watu wa Arlington, wana ndugu zao hapa Tanga na simu zao hazilali.

Wiki hii mtafute wakili. Siku yenyewe vaa koti, fika mapema, simu uizime, hakimu akikuuliza jibu alichouliza tu. Kesi ni saa tatu na nusu asubuhi kwenu, huku itakuwa jioni, baba yako amekaa sebuleni anasikiliza taarifa ya habari. Ukitoka nipigie. Ukitaka kuzungumza naye, nitampa simu.

Mama yako