Nafundisha ushonaji nikiwa kwenye matibabu ya saratani: je, naisahau akhera yangu?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mama mtu mzima, nimeshona nguo miaka 27. Sasa niko kwenye matibabu ya saratani ya matiti, na dawa ninazotundikiwa zimenitia ganzi vidoleni, mkasi haushikiki tena. Nimeanza kuwafundisha wasichana wawili kukata na kushona. Mimi naelekeza kwa mdomo, wao ndio wanaoshika kitambaa, na siku nisizoweza kukaa nawarekodia sauti kwenye simu. Ndugu zangu wanasema mwenye maradhi kama haya aachane na ya dunia, ashike msahafu na tasbihi. Na mimi mwenyewe nina mawili yananisumbua. Wanafunzi wakinisifu nafurahi, naogopa ni ria. Na siku dawa ikinilaza nikashindwa kufundisha, najiona sina faida tena. Naomba mwongozo.

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama yangu, Allah akuafu.

Ndugu zako wamesema kwa mapenzi, usigombane nao. Lakini wametenganisha dunia na akhera mahali ambapo Mtume ﷺ hakutenganisha. Abu Dharr, radhi za Allah ziwe juu yake, alimuuliza Mtume ﷺ ni amali ipi bora, akajibiwa: kumwamini Allah na kupigana jihadi katika njia Yake. Akauliza ni mtumwa yupi bora kumwacha huru, akaambiwa: mwenye thamani kubwa zaidi na aliye azizi zaidi kwa wenyewe. Akasema: nisipoweza? Akajibiwa: "Umsaidie fundi, au umfanyie kazi asiyejua kazi." Wameipokea Bukhari na Muslim. Neno la Kiarabu lililotumika kwa huyo asiyejua ni akhraq, mtu asiye na ufundi mkononi, kila akishikacho hukiharibu. Nadhani wasichana wako walipokuja siku ya kwanza unawakumbuka walivyokuwa na mkasi! Hadithi imetaja kumfanyia, nawe umepita hapo, unamwezesha ajifanyie mwenyewe.

Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza elimu ambazo ni faradhi kifaya, yaani watu wote wakiziacha wote wanaingia makosani, aliutaja ushonaji kwa jina lake. Basi mwenye kukwambia kuwa sindano haina nafasi katika dini, mjibu kwa upole kuwa wakubwa wamekwisha kuipa nafasi.

Kuna pia ile hadithi ya Muslim, kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Wanazuoni huielekeza elimu hiyo kwanza kwenye elimu ya dini. Mimi nauona mlango ni mpana kuliko hapo kwa mwenye nia, maana binti atakayepata riziki ya halali kwa ufundi wako, akawastiri watu kwa nguo anazoshona, huyo amenufaika kwelikweli. Weka nia hiyo kila unapoanza kurekodi, sema Bismillah, kisha endelea na vipimo vyako.

Wala kufundisha katika ugonjwa si jambo geni. Sayyidna Umar alipokuwa amelala na jeraha lililomuua, kijana mmoja alikuja kumliwaza. Alipogeuka kuondoka nguo yake ilikuwa inaburura chini. Umar akataka arudishwe, akamwambia: "Mwana wa ndugu yangu, inua nguo yako, itakuwa safi zaidi, na ni uchamungu zaidi kwa Mola wako." Damu inamtoka, naye anarekebisha pindo la nguo. Na karibu na zama zetu, Sheikh Muhammad bin Uthaymin, mwanachuoni wa Saudi Arabia, alikuwa na saratani, na bado katika Ramadhani yake ya mwisho aliendelea kudarasisha katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Alifariki mwezi uliofuata, Januari 2001.

Kuhusu sifa, usijichoshe sana. Mtume ﷺ aliulizwa juu ya mtu anayefanya kheri watu wakamsifu, akasema hiyo ni bishara ya muumini iliyotangulizwa. Imo katika Sahihi Muslim, na aliyeipokea ni Abu Dharr huyohuyo. Ria ni kufanya kazi ili usifiwe. Kufurahi baada ya kazi uliyoifanya kwa ajili ya Allah ni kitu kingine.

Lililonishtua katika barua yako ni lile la mwisho, la kujiona huna faida. Rudi kwa Abu Dharr. Hakuishia pale. Aliuliza tena: na nikishindwa hilo pia? Mtume ﷺ akamwambia: "Uwaepushe watu na shari, kwani hiyo ni sadaka unayoitolea nafsi yako." Angalia ngazi hiyo inavyoshuka, kutoka jihadi, kuacha mtumwa huru, kumsaidia fundi, mpaka mtu aliyelala hana la kufanya ila kutomuudhi mtu. Hata hapo chini kabisa, huyo bado anahesabiwa kuwa mtoa sadaka. Na katika Sahihi Bukhari, Abu Musa amepokea kuwa mja akiugua au akisafiri, huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya akiwa mkazi mwenye afya. Siku unayolala na kichefuchefu, darasa lako linaandikwa kama kwamba umelisimamia.

Nakwambia hili kwa sababu ganzi imekuchukulia vidole, ukahamia kwenye sauti. Sauti nayo ikichoka utahamia wapi? Hukuumbwa uwe mwalimu wa ushonaji. Umeumbwa kumwabudu Allah, na ushonaji ni mojawapo ya njia Alizokupa. Mgonjwa anayesubiri anaabudu, na anayeswali kwa ubavu anaabudu. Imran bin Husayn alipougua aliambiwa na Mtume ﷺ aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Nawe ufundishe kwa mpango huohuo.

Na mwili wako una haki juu yako. Baada ya kila mzunguko wa dawa kinga ya mwili hushuka kwa siku kadhaa, muulize daktari wako ni siku zipi. Siku hizo mwanafunzi mwenye mafua asije, asikilize sauti. Mtume ﷺ alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa wenye wazima, sembuse binadamu. Ganzi nayo mweleze daktari, usiifiche kwa kudhani ni kukosa subira, maana huenda akabadilisha kipimo cha dawa. Pasi ya moto waachie wanafunzi, kwa kuwa kidole chenye ganzi huungua mwenyewe asijue. Dawa hizi huwasahaulisha baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo vipimo vya nguo waandike wao daftarini, nawe ukisahau sema nimesahau.

Msahafu usiuache, uwe na fungu lako la kila siku hata likiwa aya chache. Wasichana wanaposhona mshono mrefu mdomo wako una nafasi, tasbihi inaingia hapo. Wakaribishe na ndugu zako siku moja wakae wasikilize somo.

Allahumma Rabban-nas, adhhibil-ba's, washfi Antash-Shafi, la shifa'a illa shifa'uk, shifa'an la yughadiru saqama. Yaani: Ee Allah, Mola wa watu, ondoa dhiki, ponya, Wewe ndiye Mponyaji, hapana ponyo ila ponyo Lako, ponyo lisilobakisha ugonjwa. Amin.