Kodi ya faranga moja, na mikataba mingine tuliyoikataa

Wiki iliyopita niliandika kwamba Tanganyika ilianza kumbana mkoloni kwa kalamu kabla haijawapokea wapigania uhuru. Maswali yamemiminika. Nimechagua haya.

*Shikamoo mzee. Nchi isiyo na fedha wala jeshi la maana ilimbanaje mkoloni? (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Kwa kukataa urithi. Waingereza walikuwa na kawaida ya kuitaka nchi inayopata uhuru isaini kwamba inabeba mikataba yote waliyoingia kwa niaba yake. Nigeria ilisaini mwaka 1960. Nyerere akakataa. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, alilieleza Bunge kwamba mikataba ya nchi na nchi ingeheshimiwa kwa miaka miwili tu. Usiozungumzwa upya ndani ya muda huo, kwa kawaida ungehesabiwa umekufa. Msimamo huo ukapelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kenya na Uganda nazo zikafuata njia inayokaribiana na hiyo, na wanafunzi wa sheria za kimataifa bado wanausoma kwa jina la Nyerere.

*Wazee wa huku husema kipande cha bandari kilikuwa cha Wabelgiji. Kweli? (Msomaji, Kigoma)*

Kweli kabisa, na si Kigoma tu, hata Dar es Salaam. Majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Kigoma na Tabora mwaka 1916, yakimfukuza Mjerumani. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ikabaki na Rwanda na Burundi, lakini ilitaka pia njia ya kufika baharini. Mwaka 1921 Uingereza ikaipangisha maeneo katika bandari hizo mbili, ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Belbase. Kodi: faranga moja kwa mwaka. Muda: milele.

Hilo neno la mwisho ndilo lililomkera Mwalimu. Uingereza haikuwa mwenye Tanganyika. Ilikabidhiwa kuiangalia, kwanza na Shirikisho la Mataifa, kisha chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mlezi wa yatima anaweza kupangisha nyumba ya mtoto, lakini ataipangishaje hata baada ya mtoto kukua na kudai funguo? Hoja ilikuwa hiyo, na mimi sijaona aliyeijibu vizuri. Angalia pia kwamba Tanganyika haikuwafungia majirani mlango. Mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi iliendelea kupita. Kilichokataliwa ni haki ya mgeni kukaa daima kwa mkataba ambao mwenye nyumba hakuulizwa.

*Vipi kuhusu maji ya Nile? Nasikia Misri ina kura ya turufu juu ya Ziwa Victoria. (Msomaji, Mwanza)*

Misri ndivyo inavyosema. Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi kwamba makoloni yake ya huku hayatajenga kitu mtoni wala ziwani kitakachopunguza maji yake, bila ridhaa ya Cairo. Mwaka 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kuwa haifungwi na ahadi hiyo. Baadaye Tanzania ikavuta maji ya ziwa hadi Shinyanga na Kahama. Ukifungua bomba Kahama, unakunywa matokeo ya barua ile.

*Mbona mipaka ya wakoloni hamkuikataa? (Msomaji, Kyela)*

Umenibana. Mipaka iliachwa nje makusudi, na azimio la OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) la Cairo, Julai 1964, la kuiheshimu kama ilivyokutwa, lilipendekezwa na nchi yetu yenyewe. Hofu ilikuwa vita vya jirani na jirani. Ila wewe wa Kyela unajua gharama yake: Malawi hutushikia mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa mwaka 1890 kudai Ziwa Nyasa mpaka ufukweni kwetu.

*Kuvunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965 kulitusaidia nini, zaidi ya kukosa fedha? (Msomaji, Nairobi)*

Fedha tulikosa, naam: mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiwa. Walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba. Mawaziri wa OAU wakaamua kwamba Uingereza isipowazima kufikia Desemba 15, nchi zote zivunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, waliotimiza walikuwa wachache: Tanzania, Ghana, Misri, Algeria, Guinea, Mali na wengine wa kuhesabika. Zambia ilikuwa na sababu, maana reli na umeme wake vilipitia kwa Smith. Kenya yenu ilikuwa bado inanunua mashamba ya masetla kwa mikopo ya London, nanyi mnajua zaidi yangu.

Smith hakutikisika, nakubali. Nyerere aliyajua hayo. Alichokataa ni Afrika kutoa tarehe kisha kujifanya imeisahau. Tulibaki ndani ya Jumuiya ya Madola, uhusiano ukarudishwa mwaka 1968, na Smith alikuwa bado yuko Salisbury (Harare ya leo).