Nywele Zinanyonyoka na Unakula Nyama Tupu? Anza na Kalenda, Kisha Nenda Bucha

Tangu niandike hapa kwamba nimeacha wanga na mboga, nakula nyama, samaki na mayai tu, swali ninaloulizwa kuliko yote si la presha wala la figo. Ni la nywele. "Dada, na wewe zilinyonyoka?" Ndiyo, zilinyonyoka. Zimerudi, na nyama bado nakula. Ila hapo katikati yapo mambo ambayo sikuyasikia kwa Wamarekani wanaouhubiri mlo huu, kwa sababu wao hawanunui nyama bucha la mtaani kwetu.

Tuanze na nywele zenyewe. Kichwa kina nyuzi kama 100,000, na kila uzi una zamu yake: unakua miaka kadhaa, unapumzika kama miezi mitatu, unadondoka, mwingine unaota kwenye tundu lilelile. Kwa hiyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, ule mlo wowote ule. Shida inakuja mwili ukipata mshtuko. Homa kali, upasuaji, kujifungua, au kupungua uzito kwa kasi, vyote vinaweza kuzipeleka nyuzi nyingi mapumzikoni kwa mpigo. Na hazidondoki siku hiyo. Zinakaa palepale kichwani miezi miwili, mitatu, ndipo zinaanza kuanguka kwa mafungu. Aliyewahi kujifungua anaijua hali hii: mtoto ameshaanza kucheka na watu, ndiyo kwanza chanuo linajaa nywele. Madaktari wanaiita telojeni efluviamu, jina alilolitoa daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1961.

Sasa chukua kalenda urudi nyuma miezi mitatu. Usihangaike na ulichokula wiki iliyopita, hakihusiki. Mimi niliporudi nyuma nilitua kwenye zile wiki ambazo sketi zilikuwa zinazunguka kiunoni, kila mtu ananisifia, na mimi nikila mara moja kwa siku kwa sababu njaa hakuna. Rafiki yangu aliyeanza mlo huu karibu wakati mmoja na mimi aliporudi nyuma alikuta malaria iliyomlaza kitandani. Angeacha nyama bure.

Kabla ya hapo lakini, hakikisha kwamba zinanyonyoka kweli, maana wengi wanaoniandikia zinakatika tu. Okota nyuzi chache kwenye mto au bafuni, uzitandaze juu ya karatasi nyeupe mchana, karibu na dirisha. Zikiwa na kidoa kidogo cheupe upande mmoja, kama punje ya chumvi, huo ndio mzizi wake, uzi umetoka mzima. Zikiwa vipande vifupi vifupi visivyo na kidoa, hiyo ni nywele iliyokatika, na hapo wa kulaumiwa ni dawa ya kulainisha, pasi na ukavu. Chakula kiache kwanza. Kingo za mbele zikirudi nyuma, muulize msusi wako anavuta kwa nguvu gani.

Ukiridhika kwamba zinanyonyoka, na kalenda inakuonyesha ndipo ulipoanza mlo, twende bucha. Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu.

Mlo wa nyama tupu umepangwa na watu wanaokula ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka, nyama yake ina michirizi ya mafuta ndani kwa ndani. Ng'ombe wetu wa kienyeji amechunga Shinyanga au Singida, ametembea jua kali akitafuta malisho, halafu amepakiwa lori hadi mnada wa Pugu. Nyama yake ni tamu, ila kavu. Na sisi wateja ndio tunaizidishia ukavu: tunamwambia muuza bucha atoe mafuta, atupe steki, na mwenye hela anataka sarara. Ukiondoa ugali, wali, maharage na ndizi, halafu ukabaki na nusu kilo ya sarara, umekula kalori zisizofika 800. Mwanamke wa kawaida anahitaji kama 2,000 kwa siku. Na nyama inashibisha, husikii kwamba umepungukiwa. Unasikia mwepesi, unasikia umeshinda. Mwili nao unapiga hesabu zake za matumizi, na nywele si kitu cha lazima kwake kama moyo na ini.

Jambo la mafuta si geni. Mwaka 1928, Vilhjalmur Stefansson, msafiri maarufu wa nchi za barafu, alikubali kula nyama tupu chini ya uangalizi wa madaktari katika hospitali ya Bellevue, New York. Walipoanza kwa kumpa nyama isiyo na mafuta, tumbo lilimharibika ndani ya siku chache. Walipomrudishia mafuta, akatulia.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikifika bucha naomba kidari, mbavu, na nundu ikiwepo. Namwambia jamaa asinitolee mafuta, tena aniongezee yale ambayo wateja wengine wameyakataa. Mwanzoni alinitazama kama mtu aliyeishiwa. Sasa ananiwekea pembeni. Nikiwa na nyama kavu naikaangia mafuta ya ng'ombe niliyoyeyusha mwenyewe, au nakula na mayai. Nimerudi pia kwenye milo miwili kwa siku, hata kama njaa haijanipigia hodi. Uzito bado ulishuka, ila taratibu.

Hapa lazima mtu aseme: mbona Wamasai? Morani ana nywele ndefu zimepakwa udongo mwekundu, na yeye si wa nyama tu? Si wa nyama tu. Mlo wao wa asili msingi wake ni maziwa, nyama na damu vinafuatia, na supu yao inachemshwa na magome na mizizi. Siku hizi na ugali upo. Tusimsingizie morani.

Maini sasa. Ukiacha mboga kila mtu anakwambia ufidie kwa maini, na sisi hatuna shida na maini, rosti tunaipenda. Lakini gramu 100 za maini ya ng'ombe zina vitamini A kama mikrogramu 5,000, na kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni 3,000 kwa siku. Vitamini A ikizidi kwa muda mrefu, mojawapo ya dalili zake ni nywele kunyonyoka, pamoja na midomo kukauka na kupasuka. Yaani unakula dawa inayoleta ugonjwa. Mara moja kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kiganja, kinatosha sana. Mwenye mimba asiyaguse bila kuongea na wa kliniki.

Vipimo usiviruke hata kama kalenda inakupa jibu zuri. Omba picha nzima ya damu, omba feritini ambayo inaonyesha akiba ya chuma, na omba kipimo cha tezi ya thairodi. Watu wanadhani anayekula nyama hawezi kuwa na upungufu wa chuma. Anaweza, hasa mwanamke ambaye hedhi yake ni nzito na aliuanza mlo akiwa tayari ameishiwa akiba, au yule ambaye "nyama" yake ni kifua cha kuku na mayai. Damu inaweza kusoma vizuri huku feritini iko chini, ndiyo maana ninasema uitaje kwa jina. Vidonge vya chuma usimeze kwa kubahatisha, chuma kikizidi nacho ni sumu.

Na vile vidonge vya bayotini, vitamini inayosifiwa kwa nywele, wanavyouza kila kona ya mtandao? Bayotini iko kwenye kiini cha yai na kwenye maini, kwa hiyo anayekula hivyo ni nadra sana kuikosa. Wanaojiletea shida ni wale wa kunywa mayai mabichi kila siku: ute mweupe ukiwa mbichi una avidini, inayoikamata bayotini isiingie mwilini. Pika yai lako. Kuna jambo jingine: bayotini nyingi inaweza kupotosha majibu ya maabara, kipimo cha thairodi kikiwemo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Kama unameza, sema kabla hujatolewa damu.

Maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo, maji ya mchele, sina ugomvi navyo. Paka ukitaka. Kunyonyoka kunakoanzia tumboni hakuzuiwi na kitu cha kupaka. (Ingawa kuna kitu kinachekesha kumwagia kichwa mchele ambao umejinyima mdomoni.) Kinachosaidia kwa juu ni kukipumzisha kichwa: mitindo iliyolegea, rasta nyepesi au usisuke kabisa kwa muda. Na usiache kuosha kwa kuogopa. Nywele iliyokwisha kujiachia itatoka tu, leo au Jumamosi.

Ukisharekebisha chakula, usitegemee muujiza wiki hiyohiyo. Zilizokwisha kuingia mapumzikoni lazima zianguke, kwa hiyo utakula vizuri na bado utaokota. Angalia kingo za uso na kwenye njia ya chanuo: vinywele vifupi vyenye ncha nyembamba vikianza kusimama, mpya zinaota. Nywele zinakua sentimita moja kwa mwezi, zetu hata pungufu kidogo, basi nusu mwaka ni muda wa kawaida kuona tofauti.

Mimi mlo umenikubali, lakini siutetei kwa kila mtu. Hedhi yako ikiruka au ikikata na huna mimba, huenda mwili unasema chakula hakitoshi. Ongeza, hata kama cha kuongeza ni sahani ya wali. Mwenye dawa za kisukari au presha asianze kabisa bila daktari wake kujua, dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Ziko nywele ambazo hazihusiani na bucha hata kidogo. Zikitoka kwa mabaka ya duara, zikitoka na nyusi, kichwa kikiwasha au kutoa usaha, au utosi ukianza kuwa mweupe, laini, unang'aa huku duara likipanuka mwaka hadi mwaka, hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi. Ile ya utosini hasa usiivumilie, kwa sababu tundu la nywele likishageuka kovu, uzi hauoti tena. Walio Kaskazini wana kituo cha magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi. Ukienda, fumua kwanza. Daktari anataka kuiona ngozi ya kichwa, na wigi utalivua mlangoni hata hivyo. Beba majibu yako ya damu, na majina ya kila kidonge unachomeza, cha hospitali na cha mtandaoni.