Ganzi Huisha Saa Nane za Usiku

Karibuni wadini, wadogo zangu. Nimeuguza waliopasuliwa miguu hapa Malindi kwa miaka mingi, na la kwanza ninalowaomba mshike ni hili: maumivu ya mguu yawahini. Yakishakolea, mtabaki kuongeza mofini tu, ile dawa kali ya maumivu.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, kijana wa bodaboda aliletwa jioni kutoka theta, chumba cha upasuaji, mguu umekufa ganzi, anacheka na nduguze. Nikaona hana shida, panado yake nikaiacha. Saa nane za usiku ganzi ikaisha. Nilimkuta ameng'ang'ania chuma cha kitanda, shuka imelowa jasho. Akapigwa mofini, ikaongezwa, akalala usingizi mzito mno. Pumzi zikashuka hadi 8 kwa dakika. Nikamwita daktari, na usiku ule sikubanduka pale kitandani, mkono wangu juu ya kifua chake, nahesabu.

Sindano ya ganzi ya nyuma ya goti huweza kukaa saa 12 hadi 24. Muulizeni daktari wa usingizi ameichoma saa ngapi, muiandike kwenye chati. Mtu mzima wa kilo 50 na zaidi hupewa parasetamoli, ndiyo panado, gramu 1 kila baada ya saa 6, isipite gramu 4 kwa siku, na ianze mguu ungali na ganzi. Daktari akiandika ibuprofeni, muulizeni mgonjwa kwanza habari za vidonda vya tumbo, figo na pumu. Mofini iwe akiba, kidogo kidogo, kwa maumivu yanayopenya dawa hizo. Sisemi mumnyime, kumwacha mtu aungue usiku kucha ni dhuluma.

Mguu uinuliwe upite usawa wa moyo. Mito yetu ni myembamba, kunjeni blanketi, mwambieni mama mtu alete leso mbili. Mara nyingi mgonjwa huteremsha mguu ili aswali, ukaanza kumpwita. Mwelezeni kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuswali amelala. Barafu ifungwe kwa kitambaa, dakika 20, tena ganzi ikishatoka, kwa sababu ngozi isiyohisi huungua na baridi.

Watu wetu ukiwauliza hali watakujibu "alhamdulillahi" hata machozi yakiwalenga. Ulizeni: umelala? umekula? Tazameni uso anapogeuka.

Maumivu yakizidi licha ya dawa, na vidole ukivinyoosha anaruka, msitafute sindano nyingine. Huenda plasta inabana au nyama imevimba ndani. Mwiteni daktari papo hapo, plasta ifunguliwe.

Kuna jingine la mji wetu huu. Tangu 2015 tuna kliniki ya methadoni, na baadhi ya wanaokunywa dawa pale watalala vitandani mwenu. Dozi ya methadoni ya kila siku ya mgonjwa huyo isikatwe, ithibitishwe na kliniki, wala msidhani ndiyo itakayomtuliza mguu. Hiyo ni ya kumshikilia asirudie unga, yaani heroini. Hao ndio wanaohitaji ganzi nzuri na panado ya saa kuliko wote. Mmoja alingoja mamake atoke kununua maji ndipo akaniambia, "Dada, ile mofini ya sindano naiogopa." Nikavuta pazia, nikaketi, tukapanga naye usiku wake wote kabla hajapelekwa theta.