Almasi hupitisha joto, huzuia umeme
Umeuliza kama kila kinachopitisha joto vizuri ni lazima kipitishe na umeme. La, si lazima, na ushahidi ninaoupenda zaidi ni almasi: hupitisha joto takriban mara 5 ya shaba ilhali huzuia umeme, kwa kuwa katika shaba joto hubebwa na elektroni zinazotembea huru, bali katika almasi atomu za kaboni, zilizoshikamana kwa nguvu, hupokezana mtetemo. Ndiyo maana kibamba cha almasi ya kutengenezwa huwekwa chini ya leza ili kuipoza bila kuleta shoti. Hata sonara hutumia sifa hii: huligusa jiwe kwa ncha ya kifaa iliyopashwa moto, na likiwa almasi, ncha hupoa papo hapo.