Kabla hujanunua redio mpya ya gari, tazama waya wa bluu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Amechoka na redio aliyoikuta kwenye gari lake, anataka ile ya skrini ya inchi 10 inayokaa katikati ya dashibodi kama televisheni. Amenitumia picha za redio tatu na ya gari lake, na swali moja tu: achukue ipi? Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Swali lake lilinigusa mahali ambapo bado panauma, kwa hiyo jibu lake naliandika hapa ili na wengine walisome.

Kazi yangu inanipeleka safari za saa tano au sita, mara nyingi peke yangu. Redio ndiyo abiria wangu. Nimelelewa na redio; taarifa ya habari ikianza, nyumbani hakuna aliyethubutu kuongea. Gari nililo nalo lilikuja na redio ya kiwandani isiyo na makuu: redio, sidii, tundu la AUX la kuchomeka simu kwa waya, basi. Sidii ilikufa mapema, lakini redio yenyewe ilikuwa inashika vizuri ajabu. Nikitoka mjini, stesheni ilinisindikiza kilomita nyingi, mpaka vilima vilipokatiza kati yangu na mnara. Sikuwahi kuishukuru redio ile.

Mwenzangu mmoja kazini akaja na gari lenye skrini. Ramani hiyo, majina ya nyimbo hayo, kamera ya nyuma hiyo. Nikaitamani. Nikajibana miezi kadhaa, nikanunua yangu. Fundi aliifunga kwa muda usiofika saa moja, akapiga wimbo, besi ikatetemesha milango, nikamlipa nikaondoka nikiwa na furaha kamili.

Furaha ilidumu mpaka nilipobonyeza kitufe cha redio. Stesheni niliyokuwa nikiipata kwa urefu wa safari nzima sasa ilikoroma nikiwa bado ndani ya mji. Nikipita chini ya miti, inapotea. Nikisimama kwenye taa, inarudi nusu. Nikarudi kwa fundi siku ya tatu. Hakufungua kitu. Alisema maneno haya, mbele ya watu: "Redio za skrini ndivyo zilivyo. Na siku hizi nani anasikiliza redio? Weka bando, sikiliza kwenye simu." Waliokuwepo wakacheka. Niliondoka nimeinamisha kichwa, na nikamwamini.

Nilimwamini miezi minane. Nilisikiliza stesheni zilezile kupitia simu, na hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo hakuna aliyenifundisha. Matangazo yanayorushwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde yanakula karibu megabaiti 58 kwa saa. Safari ya saa sita ni karibu 350, na hapo hujatazama ramani wala kupokea picha moja. Bando ningevumilia. Lililonishinda ni mtandao. Kati ya mji na mji simu inakosa mnara, sauti inakatika katikati ya sentensi, halafu inarudi habari nyingine ikiwa imeshaanza.

Kisha ukaja usiku ule wa mvua. Nilikuwa namrudisha mama kutoka hospitali. Alikuwa amelala kiti cha nyuma, amejifunika shali mpaka kidevuni. Tulifika kwenye daraja saa nne usiku tukakuta foleni ya malori imezima taa. Mto ulikuwa umefurika na daraja limefungwa. Dereva wa lori la mbele alinijia dirishani akaniuliza, kwa upole kabisa, "Kwani hukusikia? Wametangaza redioni tangu saa kumi na mbili." Nilikuwa na skrini ya inchi 10 mbele yangu, inang'aa, haina mtandao. Tulilala pale mpaka alfajiri. Mama hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jumamosi iliyofuata niliichomoa redio mwenyewe. Nilitoa fremu ya plastiki, nikafungua skrubu nne, nikaivuta taratibu. Nyuma yake kulikuwa na fundo la nyaya. Nikashika waya wa antena, ule mnene mweusi, nikaufuata kwa vidole mpaka kwenye adapta yake. Kwenye shingo ya adapta kulikuwa na kiwaya chembamba cha bluu. Kilikuwa kimekunjwa vizuri na kuzungushiwa gundi nyeusi ya umeme. Hakikuunganishwa na chochote.

Hapa naomba usome polepole, maana hiki ndicho kitu ambacho ningependa ukijue hata ukisahau vingine vyote. Magari mengi hayana tena ule mlingoti wa chuma unaovutwa juu. Antena yao ni nyuzi nyembamba zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma au cha pembeni, au ni kile kibuyu kifupi kama pezi la samaki juu ya paa. Antena ndogo namna hiyo hupata mawimbi hafifu, ndiyo maana huwekewa amplifaya, yaani kifaa kidogo cha kuyakuza, karibu yake. Amplifaya hiyo inataka umeme wa volti 12, na umeme huo unatoka kwenye redio. Redio ya kiwandani hufanya kazi hiyo kimyakimya. Ukiitoa na kuweka nyingine, mtu lazima aunganishe waya wa bluu wa redio mpya na kile kiwaya cha adapta. Asipounganisha, amplifaya inalala, na badala ya kukuza mawimbi inayazuia. Redio nzima, antena nzima, ila haishiki.

Nilimenya ncha mbili, nikazisokota pamoja, nikazifunga gundi. Dakika tano. Nikageuza ufunguo redio ikiwa bado inaning'inia kwa nyaya zake, na mtangazaji akataja saa kwa sauti safi kama aliyekaa pembeni yangu. Nilikaa kimya ndani ya gari lile kwa muda mrefu. Miezi minane, na usiku mmoja darajani, kwa sababu ya waya mfupi kuliko kidole. Yule fundi aliuona. Huwezi kukunja waya vizuri namna ile bila kuuona.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, swali la kwanza si redio ipi. Swali ni kwamba wewe unasikiliza nini? Chukua karatasi, kaa nayo garini wiki moja, andika. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba zaidi ya nusu ya muda wangu nasikiliza watu wanaongea: habari, mpira, mahojiano. Sauti ya mtu haihitaji sabwufa, ile spika kubwa ya besi; inahitaji redio inayoshika na spika za milango zilizo hai. Kama wewe ni wa muziki, na nyimbo zako ziko kwenye simu, basi redio ndogo yenye Bluetooth na tundu la USB inakutosha kabisa.

Swali la pili, nalo ni kubwa: gari lako limetoka wapi? Kama lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani na redio ni ileile, tazama namba. Bendi ya FM ya Japani inaanzia 76, na kwa miaka mingi iliishia 90. Redio mpya zaidi zinafika 95. Sehemu kubwa ya dunia inatumia 87.5 mpaka 108. Maana yake stesheni zako nyingi ziko juu ya mahali ambapo redio yako inaishia, na hakuna fundi atakayeitengeneza kwa sababu haijaharibika. Kuna kifaa kidogo cha kubadili masafa kinachochomekwa kati ya antena na redio. Kikipunguza 14, stesheni ya 100 utaipata kwenye 86. Kinasaidia, lakini redio inayoishia 90 itakupa 90 mpaka 104 tu, zilizo juu ya hapo hupati, na stesheni zenye nguvu zilizo kwenye namba za chini hupenya zikaingiliana na unazotaka. Mimi katika hali hiyo ningebadili redio bila kusita. Ukishaibadili, ingia kwenye mipangilio uangalie eneo lililochaguliwa. Ikiwekwa Marekani inaruka kwa 0.2, kutoka 98.1 kwenda 98.3, na stesheni yako ya 98.4 hutaiona kamwe. Nimeshawatatulia watu wawili tatizo hilo kwa kugusa skrini mara tatu, na wote walikuwa wameshaambiwa wanunue antena mpya.

Kabla ya kulipa, pima tundu la dashibodi kwa rula. Redio huuzwa kwa kipimo kiitwacho DIN: ya DIN moja ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50, ya DIN mbili ina 180 kwa 100. Magari mengi ya Toyota yana tundu la milimita 200, kwa hiyo bila vipande vya kujazia utabaki na nafasi pembeni. Na usidanganyike na maandishi ya boksi. Wati 50 mara 4 ni kilele tu. Redio isiyo na amplifaya ya nje hutoa kwa kawaida kati ya wati 15 na 22 kwa kila spika, na hizo zinatosha.

Siku ya kufunga, simama pale. Usiende kunywa chai. Kuna nyaya za kutazama kwa macho yako. Wa njano ni wa umeme wa kudumu, unaolinda kumbukumbu. Mwekundu ni wa umeme unaokuja ukigeuza ufunguo. Mweusi ni hasi. Wakibadilisha njano na nyekundu, kila ukizima gari redio inasahau stesheni zote na saa. Wakiziunganisha zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki na ufunguo, na siku moja asubuhi utakuta betri imekufa. Rangi hizo ni za redio za kununua dukani. Nyaya za gari lenyewe zina rangi zake, kwa hiyo fundi apime kwa mita, asikisie.

Spika nazo zina chanya na hasi. Moja ikigeuzwa, inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inapotea. Watu wengi wananunua sabwufa kutibu ugonjwa huu. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kwenye ncha za spika kwa sekunde moja tu. Karatasi ya spika ikitoka nje, upande wa chanya wa betri umegusa chanya ya spika. Ikiingia ndani, geuza. Rudia kwa zote nne.

Ukisikia mlio mwembamba unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, hiyo ni sauti ya altaneta, mashine inayochaji betri, inaingia kupitia waya wa hasi uliofungwa vibaya. Kwarua rangi ya bodi mahali waya huo unapofungwa, kaza upya. Na redio ikikoroma ghafla, chomoa kwanza chaja ya simu kwenye tundu la kuwashia sigara. Chaja za bei ya kutupa huchafua FM vibaya sana. Nimewahi kumwona mtu akibadili antena kwa ajili ya chaja.

Wenye redio ya zamani msiione aibu. Kama ina AUX, waya wa AUX unatoa sauti safi kuliko kile kirusha mawimbi cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la sigara, ambacho kila ukibadili mji unakitafutia namba mpya iliyo wazi. Ukitumia fleshi, iandaliwe kwa mfumo wa FAT32, maana redio nyingi hazisomi mingine. Na kwa safari ndefu, pakua vipindi nyumbani kabla ya kuondoka.

Redio ya dijitali, DAB, ni nzuri pale ilipo. Norway ilizima FM ya stesheni za kitaifa mwaka 2017, na kule gari lisilo na DAB linakosa mengi. Kama unapoishi hakuna matangazo hayo, alama hiyo kwenye boksi usiilipie hata senti. AM nayo usiidharau. Usiku husafiri mbali sana kwa kurudishwa na anga la juu, na imeshanifikisha nyumbani mara nyingi. Ila kwenye magari ya umeme husumbuliwa na kelele za mitambo ya mota, hata baadhi ya watengenezaji wameiondoa kabisa.

Sasa, rafiki yangu wa zile picha tatu: hakuna niliyokuchagulia. Katika picha ya gari lako nimeona kioo cha nyuma, na juu ya mistari ya kuyeyushia ukungu kuna mistari mingine miwili myembamba. Hiyo ndiyo antena yako. Unasema redio ilianza kukoroma baada ya kubadilishwa na mwenye gari wa kwanza. Fungua fremu, toa skrubu, fuata waya mweusi mnene kwa vidole mpaka kwenye adapta. Kisha nitumie picha nyingine.